Trafiki akikupa kijiti cha mate barabarani, sheria inamruhusu?

Msafiri_Naluwerere

Salamu kwenu wote. Mimi ni dereva wa trela hapa Uganda, njia yangu ni Malaba, mpakani na Kenya, hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini, mara nyingine navuka Nimule naenda Juba. Kampuni ninayoifanyia kazi (sitaitaja) imeanza kutupima mkojo kabla ya safari ndefu. Tulitia sahihi fomu, basi, kazi ni kazi.

Sasa juzi tumelala Naluwerere, madereva wakawa wanabishana. Mmoja anasema baada ya kawunyemu, kile kifaa cha kupuliza cha kupimia pombe, kinachofuata ni vijiti vya mate vya kupimia bangi na mairungi (miraa), trafiki atakuwa navyo kwenye kizuizi, na ukikataa unalala ndani siku hiyo hiyo. Mwingine anaapa kwamba Katiba inakulinda, hawakugusi. Nimeshindwa kujua nani anasema kweli.

Tafadhali msiniambie niache dawa za kulevya, sivuti. Ila mairungi nakula, na nakula nikiwa upande wa Kenya ambako yanauzwa hadharani. Halafu navuka daraja la Malaba na mate ni yale yale.

BodaWaKalerwe

Mate yangu niyatoe bure? Banange, wanilipe kwanza.

Wakili_Mbale

Kaka Msafiri, rafiki zako wote wawili wamepata nusu.

Anza na sheria yenyewe, maana watu wengi wanaruka moja kwa moja kwenye Katiba. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 inashughulikia pombe kwa njia mbili. Kuna kosa la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kuliongoza gari, na kuna kosa la kuvuka kiwango, yaani miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Hilo la pili ndilo linalokipa kile kifaa cha kupuliza nguvu. Kuna namba, kifaa kinasoma namba, mnalinganisha.

Njoo kwenye dawa za kulevya. Hapo kosa ni lile la kwanza tu: umetumia dawa kiasi kwamba huwezi kuliongoza gari sawasawa. Hakuna namba ya bangi. Hakuna namba ya mairungi. Sasa kijiti cha mate hata kikisema kweli tupu, kinasema "kuna dalili ya kitu fulani kinywani mwa huyu mtu". Sheria haikuuliza hilo. Sheria iliuliza kama aliweza kuendesha. Trafiki akienda mahakamani na kijiti peke yake, bila kueleza gari lilivyokuwa likiyumba, macho yalivyokuwa, maneno yalivyotoka, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Pili ndiyo Katiba. Ibara ya 27 inakataza kumpekua mtu, nyumba yake au mali yake kinyume cha sheria. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Haikatazi upekuzi wote, inakataza ule usio na sheria nyuma yake. Afande kusimamisha gari, kudai leseni, kutazama ndani ya kabini akiwa na sababu ya kukushuku, hayo yana msingi. Kutoa kitu mwilini mwako ni hatua nyingine. Kwa maoni yangu hatua hiyo inahitaji kifungu kinachoitaja waziwazi: nani anapima, kwa kifaa gani kilichoidhinishwa, ukikataa kinatokea nini. "Tumezoea kufanya hivi" si kifungu.

Kwa hiyo huyo aliyesema hawakugusi amekosea, wanaweza kukukamata kwa kukushuku kwa mambo mengine kabisa. Na aliyesema ukikataa kijiti unafungwa kwa kukataa, muombe akuonyeshe sheria iliyoandika kosa hilo. Ibara ya 28 inasema hakuna kutiwa hatiani kwa kosa ambalo sheria haijalieleza na kuliwekea adhabu.

AfandeMstaafu

Wakili amesema vizuri, ila naongeza kidogo kutoka barabarani, maana nimesimama pale na jua na mvua kabla ya kustaafu.

Trafiki mzuri hahitaji kijiti kumtambua aliyelewa. Unamuona anavyoteremsha dirisha. Unamuuliza anatoka wapi, anajibu anakokwenda. Mimi nilikuwa namwambia dereva ashuke anionyeshe tairi la nyuma, namtazama anavyotembea tu. Hayo yote ukiyaandika kwenye taarifa yako kwa saa na mahali, hakimu anayasikiliza. Shida ni kwamba vijana wengi hawapendi kuandika. Wakipewa kifaa wanafurahi kwa sababu kifaa kinawaandikia.

Lakini msitufanye maadui. Kipimo cha haraka kina kazi yake: kinamwambia askari wapi atazame zaidi. Dereva amechoka au amevuta? Kwa macho tu hayo mawili yanafanana sana saa tisa usiku pale Karuma.

MtembeaKwaMiguu

Samahani, mimi nitakuwa mbaya kwenye uzi huu. Naishi kando ya barabara ya Masaka. Mnakumbuka mwaka 2016 kwa nini Fika Salama, ile operesheni ya trafiki, ilianzishwa? Watu walikuwa wanakufa kila wikendi. Tumezika majirani, mimi nimemzika kaka wa tumbo moja. Sasa nasoma hapa ibara ya 27, ibara ya 28, na dereva anayekiri mwenyewe kwamba anatafuna mairungi ndipo anakamata usukani wa tani nyingi.

Haki ya kuishi nayo imo kwenye Katiba hiyo hiyo, ibara ya 22, inatangulia hizo zenu. Wapimwe wote. Asiye na hatia ataogopa nini?

Msafiri_Naluwerere

Pole kwa kaka yako, kwa kweli. Ila swali lako la mwisho ndilo nililokuja nalo. Asiye na hatia aogope nini? Nataka mtu anijibu hilo kwa upande wa kifaa.

Maabara_Arua

Nitajibu mimi, nafanya kazi maabara ya hospitali, si ile maabara ya mkemia wa serikali iliyoko Wandegeya, lakini vijiti hivi vya aina ya ukanda navijua.

Kuna aina mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni vile vichupa au vipakiti vya kupimia kitu kilichokamatwa: unga, majani, tembe. Unatia chembe kidogo ndani ya dawa, rangi inabadilika. Kile cha kokeini kinatumia kemikali ya kobalti na kinageuka buluu. Tatizo ni kwamba kuna vitu vingi vingine vinavyoigeuza buluu. Lidokaini ile ya daktari wa meno ni kimoja. Difenhidramini, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na mzio, ni kingine. Rangi haina jina la mtu.

Ya pili ni vijiti vya mate na vikanda vya mkojo. Hivi vinafanya kazi kwa kingamwili, ndugu wa kile kipimo cha haraka cha malaria. Na hapa kuna mtego ambao ningependa kila afande ausome mara mbili. Kwenye kipimo cha malaria, mstari ukitokea maana yake malaria ipo. Kwenye vikanda vingi vya dawa za kulevya ni kinyume: mstari ukitokea maana yake mtu ni safi, mstari ukikosekana ndiyo kuna shaka. Na mstari hafifu, hata ukiwa kama kivuli, unahesabiwa kuwa mstari, yaani mtu ni safi. Mpe askari aliyezoea kusoma vya malaria kliniki, saa nane usiku, kwa tochi ya simu. Atafunga wasio na kitu na kuwaachia wenye nacho.

Halafu joto. Vingi vimeandikwa pakitini vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Dashibodi ya pikapu Elegu mwezi wa pili ni nyuzi ngapi?

Halafu dawa za hospitali. Rifampisini ya kifua kikuu inajulikana kuvuruga baadhi ya vipimo vya mkojo na kuonyesha jamii ya afyuni. Efavirenzi, ambayo watu wetu wengi wa ARV waliitumia kwa miaka, iliwahi kutoa majibu ya uongo ya bangi kwenye baadhi ya vipimo. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinaweza kuchanganywa na amfetamini.

Ndiyo maana maabara yoyote inayojiheshimu haisemi "ana" kwa kikanda. Inasema "inashukiwa", kisha sampuli inapelekwa kwenye mashine ya GC-MS, ile inayotenganisha kemikali moja moja na kuitambua kila moja kwa uzito wa vipande vyake. Hiyo haikai kwenye kizuizi cha barabarani.

Na kwa MtembeaKwaMiguu, hesabu ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, umesimamisha madereva 1,000 na 20 kati yao kweli wametumia. Kifaa chako kinakosea kwa watu 5 katika kila 100 walio safi. Walio safi ni 980, kwa hiyo 49 watasingiziwa. Hata kikiwakamata wale 20 wote, kwenye kundi la waliosimamishwa pembeni wasio na kosa wanawazidi wenye kosa zaidi ya mara mbili. Ukipima wale tu ambao afande amewaona wakiyumba, hesabu inabadilika kabisa. Ndiyo maana sababu ya kushuku inatakiwa ije kabla ya kijiti.

BodaWaKalerwe

Hapo kwenye mstari kupotea umenitisha, daktari.

Maabara_Arua

Si daktari, kaka. Fundi wa maabara.

MgeniHapa22

Nimefungua akaunti ili niandike hili moja. Mimi ni dereva na ninatumia ARV. Kampuni haijui, mke anajua. Kijiti kikinisingizia kule barabarani, ili nijitetee itabidi nimwambie afande mbele ya tanboi (utingo) wangu na abiria dawa ninazokunywa? Asanteni.

Wakili_Mbale

Ndugu yangu, karibu. Hapana. Huna wajibu wa kumweleza trafiki hali yako ya afya kando ya barabara. Mtu akikamatwa ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa na ana haki ya wakili, ibara ya 23. Sema tu: "Natumia dawa za hospitali, naomba sampuli ipelekwe maabara, maelezo nitayatoa nikiwa na wakili." Inatosha. Na upande wa mwajiri, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la taarifa zenye ulinzi maalumu. Majibu ya mkojo wenu hayapaswi kubandikwa ukutani wala kusomwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha madereva. Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona yakifanyika.

Mombasa_Juba

Majirani, niwaletee ya kwetu. Kenya tulikuwa na alkoblo, kifaa cha kupuliza cha pombe, kila mtu anaijua. Mwezi Mei 2017 Mahakama ya Rufaa ikazitupa kanuni zake za 2011. Sababu si kwamba kulewa ni halali. Sheria ya Trafiki ya Bunge ilisema kosa ni kulewa hadi kushindwa kuliongoza gari. Kanuni zikaja na kosa jingine la kuvuka kiwango. Mahakama ikasema kanuni haiwezi kuzaa kosa ambalo sheria mama haikulibeba. Miaka yote ile watu wamelipishwa faini! Sasa mkiletewa vijiti vya mate huko Uganda kwa waraka tu wa ofisini, kumbukeni hilo.

Na hili la miraa. Kwetu ni zao la biashara, lina kanuni zake za kilimo. Kwenu je? Maana nasikia kila mtu na lake.

Wakili_Mbale

Kaka Mombasa, mfano wako umekaa mahali pake hasa, na la miraa lina historia. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023, baada ya wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso kulalamika. Bunge lilikuwa limeipitisha bila akidi. Watu walishangilia kana kwamba mairungi yamehalalishwa. Hayakuhalalishwa, ni mlango wa kupitishia sheria uliokuwa na kasoro. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria nyingine, na mairungi yamo pamoja na bangi. Kwa hiyo Msafiri, kilicho halali kwenye soko la upande wa pili wa mto kinaweza kuwa kosa kabini mwako ukifika huku. Fungu la majani kwenye kiti ni ushahidi mbaya kwako kuliko mate yoyote.

Ila kukutwa na kitu, kukitumia, na kuendesha ukiwa umelewa nacho, hayo ni mambo tofauti, kila moja na uthibitisho wake. Askari asikuchanganyie.

Maabara_Arua

Na mairungi yenyewe ni magumu kuyapima. Kinachochangamsha ni kathinoni, ndugu wa amfetamini. Baada ya kuvunwa inaanza kupungua nguvu ndani ya siku mbili hivi, ndiyo sababu yanafungwa kwenye majani ya mgomba na magari yake yanakimbia kama yanafukuzwa. Kijiti kilichotengenezewa amfetamini ya kiwandani huenda kikaona kitu, huenda kisione. Anayewauzia polisi kifaa aulizwe swali hilo kwanza: kimejaribiwa kwa watu wanaotafuna mairungi, au kwa vijana wa Ulaya tu?

Kijana_wa_Melbourne

Nasoma kutoka Australia, mama ni wa Koboko. Huku jimbo la Victoria ndilo lilikuwa la kwanza duniani kupima mate ya madereva ovyo ovyo barabarani, Desemba 2004. Nimesimamishwa, najua kunavyokuwa.

Unalamba kijiti. Kikiwa safi unaenda. Kikishuku, unapelekwa pembeni, unatoa mate mara ya pili, na sehemu ya sampuli inakwenda maabara. Hushtakiwi hadi maabara ijibu. Ila kukataa kupimwa ni kosa, sheria imeliandika, kwa hiyo hapa jibu la yule dereva wa Naluwerere lingekuwa tofauti. Mkumbuke pia hapa kosa ni kuwa nacho mwilini, hata kama unaendesha vizuri. Hilo linalalamikiwa sana. Mwaka 2016 hakimu wa Lismore, jimbo la New South Wales, alimwachia dereva aliyesema alivuta bangi siku tisa kabla ya kupimwa. Na wagonjwa wanaoandikiwa bangi na daktari walikuwa wananyang'anywa leseni moja kwa moja hadi Victoria ilipolegeza mwezi Machi 2025.

Cha kuchekesha, katika madereva wa mwanzo kabisa waliopimwa mbele ya kamera za televisheni mwaka ule wa 2004, mmoja alionyeshwa nchi nzima kama mvuta bangi. Maabara ikamsafisha baadaye. Kamera hazikurudi.

New Zealand walipitisha sheria yao 2022, wakaandika masharti makali ya kifaa. Wakatafuta kifaa kinachoyatimiza, wakakosa! Sheria ikakaa bila kijiti hadi walipoirekebisha 2025.

MtembeaKwaMiguu

Angalau wao wana sheria na wanapima. Sisi tutabishana hadi lini?

AfandeMstaafu

Jirani, hapo tupo pamoja. Tungeni sheria. Lakini mpaka itungwe, usimtume kijana wangu barabarani na kitu ambacho wakili wa utetezi atakichana mbele ya hakimu, dereva mbaya atoke akicheka. Huyo ndiye atakayemgonga mtu mwingine.

Mama_Zaituni_Bombo

Wanangu, nyinyi mnasema mambo ya mahakama. Mimi niseme ya kituoni. Kijana wangu alikamatwa kwenye stage, mfukoni ana karatasi ya unga mweupe. Dawa ya kucha za kuku wetu, nimemtuma mwenyewe. Askari mmoja akatia kitu, akasema rangi imekubali. Sitaji kituo, bado tunaishi hapa.

Usiku tukaambiwa toeni kitu kidogo yaishe. Hatukuwa nacho. Asubuhi mtu akamwambia kijana: ukikubali kosa utalipa faini uende nyumbani, ukikataa utakaa rimandi mpaka majibu ya Wandegeya yaje. Akakubali. Na shtaka amesomewa Kiingereza, sisi nyumbani ni Kinubi na Kiswahili. Faini tulilipa. Ule unga haukwenda popote kupimwa. Sasa akiomba kazi ya ulinzi anaambiwa ana rekodi.

Wakili_Mbale

Mama, pole sana. Nimesoma mara mbili. Niliyoyaandika juu yote ni ya vitabu kama mtu anashindwa kabla hajafika kwenye kitabu.

Watu wanadhani hatari ya vipimo hivi ni hakimu kuviamini. Hakimu wengi wanadai ripoti ya mkemia wa serikali. Hatari ni pale kati ya kizuizi na mahakama, ambapo rangi iliyobadilika inatumika kama fimbo. Marekani jambo hili limeandikwa vizuri. Huko Houston, Texas, ilikuja kugundulika kwamba zaidi ya watu 200 walikubali makosa ya dawa za kulevya, na maabara ilipokuja kupima vidhibiti haikukuta dawa yoyote. Kipimo cha rangi cha dola mbili kilikuwa kimewatisha wakakubali, kwa sababu kukaa ndani kusubiri majibu kulikuwa na gharama kuliko adhabu yenyewe. Polisi wa Houston waliacha vipimo hivyo 2017. Sababu waliyoitoa, kwa mshangao wangu, ilikuwa kuwalinda askari wenyewe wasiguse fentanili, dawa ya kulevya kali sana. Florida mtu alikamatwa kwa chembe za sukari ya donati, kipimo cha rangi kikisema ni methamfetamini, jiji likamlipa fidia.

Mama, kuhusu kijana. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, bado ndiyo mwongozo wetu wa jinsi ya kupokea "ni kweli" ya mshtakiwa. Shtaka na kila kiungo chake visomwe kwa lugha anayoielewa, aliyoyajibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe ikiwezekana, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyokuwa, mshtakiwa aulizwe kama anakubaliana nayo. Kwenye kesi ya dawa za kulevya, moja ya viungo ni kwamba kitu kile ni dawa ya kulevya kweli. Kijana wako angejuaje? Amekubali nini? Kama jalada linaonyesha Kiingereza tupu bila mkalimani na hakuna ripoti ya maabara, kuna la kupeleka Mahakama Kuu. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, ila unaweza kuombwa kuongezwa kwa sababu. Omba nakala ya mwenendo wa kesi kwa karani, ukishaipata niandikie pembeni. Sitakulipisha kuisoma.

Mama_Zaituni_Bombo

Mungu akubariki mwanangu. Jumatatu naenda kwa karani.

Mombasa_Juba

Wakili, hizo za Marekani zinatusaidia nini sisi? Majaji wenu hawafungwi nazo.

Wakili_Mbale

Hawafungwi. Wanaweza kushawishika tu. Lakini angalia zinavyopanga mambo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema askari aliyekusimamisha kwa kosa la trafiki hana ruhusa ya kukuweka pale zaidi ya muda wa kumaliza kosa hilo ili tu amlete mbwa wa kunusa dawa, bila sababu ya kukushuku. 2016 ikatenganisha pumzi na damu: kupuliza baada ya kukamatwa kwa ulevi hakuhitaji hati ya hakimu, kutoboa mshipa kunahitaji. Uingereza tangu Machi 2015 wana viwango vya damu kwa dawa zilizotajwa kwenye sheria, na kijiti cha mate ni cha kukuchuja tu, kinachokupeleka mahakamani kwa kawaida ni damu. Anayetumia dawa kama daktari alivyoandika ana utetezi wake ndani ya sheria.

Mate yako upande gani, wa pumzi au wa damu? Kwetu Bunge halijasema. Ningependelea liseme kabla trafiki hajajisemea.

BodaWaKalerwe

Swali la kweli sasa. Wameshanikamata, kijiti kimekataa mstari, nipo kituoni. Nifanye nini? Maana wakili hatakuwepo stage saa hiyo.

AfandeMstaafu

Hilo nijibu mimi, kijana. Kwanza tulia, usipigane, ukipigana umewapa kosa lililo wazi kuliko hilo la mate. Uliza jina na namba ya afande, anavaa kifuani. Kile kijiti chenyewe ni kidhibiti. Mwambie usikitupe. Kipigwe picha, kiandikwe saa kilipotumika na saa kiliposomwa, maana vikanda vikikaa muda mrefu kuliko pakiti inavyosema mistari inabadilika. Tazama tarehe ya kuisha kwenye pakiti.

Ukifika kituoni hakikisha umeandikwa kwenye kitabu, na saa uliyofika. Saa 48 za Katiba zinahesabiwa tangu ulipokamatwa, si tangu OC, mkuu wa kituo, aliporudi kutoka chakula. Bondi (dhamana) ya polisi ni bure, imeandikwa ukutani vituo vingi, anayekudai hela ya bondi anajua anachofanya.

Na ukikubali kutoa sampuli kwa ajili ya Wandegeya, ifungwe mbele yako, utie sahihi juu ya mfungo, uandike namba ya kidhibiti kwenye mkono wako kama huna karatasi. Sampuli isiyo na namba inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Msafiri_Naluwerere

Afande, na mtu akinilazimisha? Akinishika taya?

AfandeMstaafu

Usijibu kwa nguvu. Kumbuka sura yake, sema kwa sauti kwamba hukubali, walio karibu wasikie. Mengine mwachie dada wakili.

Wakili_Mbale

Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamfanya afisa ajibu yeye binafsi, si serikali peke yake. Na kama ulitendewa ukatili ili ushahidi upatikane, unaweza kuomba kesi nzima ibatilishwe. Maafande wengi wakiisikia hiyo sheria kwa jina wanalegea. Ijue kwa jina.

MtembeaKwaMiguu

Nitakubali jambo moja tu: asipimwe kila mtu, apimwe aliyeonekana anayumba au aliyesababisha ajali. Lakini aliyesababisha ajali apimwe damu, siku hiyo hiyo, hospitali. Hapo sitarudi nyuma.

Maabara_Arua

Na hapo sina ubishi na wewe. Damu, na ndani ya saa chache. Bangi inashuka haraka kwenye damu, lakini mkojo utaionyesha kwa siku, kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Kwa hiyo Msafiri, ule mkojo wa kampuni yenu unamweleza bosi ulichofanya mwezi uliopita. Kama ungeweza kushika usukani asubuhi ile, haumwelezi.

Mombasa_Juba

Kuna mtu anajua kama Elegu foleni imepungua? Nina tani 28 za unga, nimekwama Kafu tangu asubuhi.

Msafiri_Naluwerere

Mpaka jana usiku ilikuwa imefika nje ya mji. Pita Gulu ulale, usiende kulala kwenye foleni.